Mtungi Wako Haukupasuka

Mumbua, mwaitu,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda Ngara kutafuta blanketi, kwa sababu umeambiwa Eldoret ina baridi ya kuuma mifupa na hutaki kabisa lile langu la maua. Sawa. Nina kama saa tatu hivi kabla hamjarudi, na nyumba imetulia. Nimekaa huku nyuma kwenye karakana, nimenawa mikono mara mbili, lakini karatasi tayari ina alama za vidole. Utanivumilia. Ungeshtuka kama ningekuandikia barua safi.

Sitakuambia habari za nauli, dawa ya kifua, wala kutembea gizani ukiwa na simu mkononi. Hayo tumeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijafungua mdomo. Mimi nina jambo moja tu. Nimelificha miaka mitatu, na sitaki upande basi la kwenda chuo kesho asubuhi bila kulijua. Linahusu ule mtungi wa maji ulioufinyanga likizo ya Desemba ukiwa kidato cha pili, na linahusu maneno niliyokuambia baadaye. Nitalifikia. Wacha nizunguke kidogo kwanza. Si unanijua, mimi hata kuomba chumvi kwa jirani naanza na hali ya hewa.

Nianze na susu yako, mama yangu, ambaye tulikupa jina lake na ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, tangu ukiwa mchanga. Mimi nilisoma hapa mjini, tukikaa Ngara na babu yako aliyekuwa karani wa serikali, lakini likizo zote nilikuwa kwake, milimani upande wa Machakos. Susu hakuwa na gurudumu wala meza. Alikuwa anainama, mgongo umekunjwa, anauzunguka mtungi kinyumenyume, mguu mmoja nyuma ya mwingine, mpaka njia ya duara inachoreka kwenye vumbi. Na alikuwa anaanza na mdomo. Watu wengi wakisikia hilo hucheka. Anafanya nusu ya juu kwanza, anaiacha ishike nguvu, halafu anaigeuza kichwa chini na kitako ndicho anachomalizia. Nilimuuliza kwa nini asianze na kitako kama watu wote. Akaniuliza watu wote ni akina nani, na kama wamewahi kumletea kuni.

Chini ya mdomo wa mtungi aliweka alama yake, mistari mitatu ya ukucha na nukta moja. Kila mfinyanzi wa kwetu ana yake, ili mtungi ukivuja mnunuzi ajue anaurudisha kwa nani. Susu aliipata kwa mama yake. Binti hajibandikii alama hiyo kwa kuitamani. Mama ndiye humpa, siku binti amefinyanga kwa mikono yake mtungi unaoshika maji na kuyapoza. Si mtungi mzuri wa kuangalia. Unaopoza maji, basi.

Mimi nilingoja alama hiyo mpaka nikakata tamaa. Nilienda chuo, nikajifunza gurudumu, nikajifunza tanuri la umeme na zile rangi za kung'aa kama kioo. Nikarudi kwa susu na kikombe cha buluu ambacho mwalimu wangu alikisifu mbele ya darasa zima. Susu akakigeuza juu chini, akakigonga kwa kidole, akauliza kama ni cha kunywea au cha kuangalia. Nikamwambia ni vyote viwili. Akasema, "Bado." Neno hilo nimelisikia miaka kumi na mitatu, Mumbua. Kila likizo nampelekea kitu, kila likizo "bado". Nilikuwa nikirudi Nairobi nikinuna njia nzima. Nilipoipata hatimaye nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimekubeba wewe tumboni, miguu imevimba, na susu ndiye aliyenishika kidole na kunionyesha pa kukandamiza. Nililia kama mtoto. Yeye aliniambia nisilie juu ya udongo mbichi, nitaulowesha.

Sijui kama alifanya vizuri kunicheleweshea. Siku nyingine naamini alinifundisha subira, siku nyingine naona alinifundisha tu kuogopa. Ninalojua ni kwamba alama ile ilikuja kuwa kitu changu cha thamani kuliko vyote, na kitu ukikithamini hivyo unaweza kufanya upuuzi kwa ajili yake.

Na mimi upuuzi nilikuwa nao tangu zamani. Unakumbuka sahani za hoteli ile ya Westlands? Ulikuwa na miaka saba. Walikuwa wameagiza seti nzima, na mimi nikashindwa kungoja tanuri lipoe. Nilitaka kuona. Nikafungua mlango kidogo tu, nichungulie, na hewa baridi ikaingia. Tulisikia zikilia ndani, ti, ti, ti, moja baada ya nyingine. Wewe ulikuja na fagio kubwa kuliko wewe, ukaniangalia, ukasema, "Mama, si ungengoja tu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilipowapigia simu watu wa hoteli niliwaambia stima ilipotea katikati ya kuchoma. Nilisema hivyo ukiwa umesimama pale pale na fagio lako. Uliendelea kufagia.

Nakuambia hili kwa sababu watu hudhani mfinyanzi anashindwa na mikono. Mimi mikono yangu ni ya kawaida, inajitahidi, inapata na kukosa. Kilichonishinda mara nyingi ni mdomo. Kitu kikiharibika mikononi mwangu, sababu iko tayari kinywani kabla vumbi halijatua. Stima, mvua, udongo wenyewe, aliyeniuzia kuni. Kazi hii ina sababu nyingi za kusingizia, ndiyo maana inawafaa watu waongo kama mimi.

Haya. Sasa Ba.

Unamjua Ba wa Spring Valley, yule bibi wa Kigujarati ambaye wajukuu, majirani na hata askari wa lango humwita Ba, yaani mama kwa lugha ya kwao, na mimi pia. Alikuja hapa mara ya kwanza kwa ajili ya vyungu vya mimea. Tukagundua kwamba alizaliwa Ngara, barabara mbili tu kutoka pale nilipokulia mimi, tukabishana nusu saa kuhusu duka gani lilikuwa kwenye kona. Mwaka ule wa mtungi wako alinijia na ombi. Alitaka mtungi wa maji ya kunywa, kama ule mama yake aliokuwa nao jikoni Ngara, wa kupoza maji bila friji. Daktari alikuwa amemkataza maji ya friji kwa sababu ya koo, na maji ya bomba yanamchefua. Nilimwambia hiyo ni kazi ndogo. Mimi binti wa susu, nishindwe na mtungi wa maji?

Nilishindwa, mwaitu. Nilishindwa mara tatu. Wa kwanza niliufinyanga vizuri mno, nikauchoma kwenye tanuri la umeme kwa moto mkali, nilivyozoea. Ukawa mgumu kama kikombe, hautoi jasho hata tone. Mtungi usiotoa jasho haupozi maji, na mimi nilijua hilo, lakini mikono ilikuwa imeshazoea kazi ya mjini. Ba aliurudisha na dereva. Akanipigia simu mwenyewe, akasema, "Mama Mumbua, hii ni nzuri sana, lakini maji iko vuguvugu. Mimi nataka maji baridi, sitaki maua." Wa pili nikapunguza moto, ukavuja hadi ukalowesha zulia lake. Wa tatu ukaachana pale nusu mbili zinapoungana. Miezi minne ilikuwa imepita. Susu alikuwa ameshatutoka mwaka mmoja, hakuna wa kumuuliza, na mimi nilikuwa silali vizuri.

Ndipo shule zikafungwa, ukaja nyumbani. Ulikuwa na miaka kumi na sita, miguu mirefu, vitu vyako vya muziki masikioni kutwa. Ulinikuta nikigombana na ndoo ya mabaki ya udongo, ukachovya mkono, ukasugua kati ya vidole. Ukasema, "Mathe, hii matope yako ni laini sana, haina meno. Si uitie mchanga?" Nikakuambia uniache na kazi yangu. Ukacheka, ukabeba ndoo ukaenda nayo nyuma ya bafu. Ukachekecha mchanga kwa lile chujio langu la chai, na chai yake mpaka leo inakwaruza meno. Ukasaga vigae vya ule mtungi wa tatu kwa jiwe, ukavitia humo. Hakuna aliyekufundisha hilo. Susu alikuwa akifanya hivyo, lakini ulikuwa mdogo mno ulipomwona akifanya, sidhani ulikumbuka.

Nilikuona kwa dirisha la jikoni. Ulikuwa umeinama, pekupeku, ukiuzunguka mtungi kinyumenyume, kichwa kikienda na muziki wako. Ulikuwa umeanza na mdomo. Nilisimama pale na sufuria mkononi, wali ukaungua, na nilijua, kabla mtungi haujafika hata nusu, kwamba una kitu ambacho mimi nilikitafuta miaka kumi na mitatu. Ningetoka nje nikakukumbatia. Ningepiga kelele mtaa mzima. Niliona wivu. Nimeliandika neno hilo na silifuti. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, ambaye ninampenda kuliko macho yangu.

Ukauacha ukauke kivulini, ukaenda kambi ya vijana ya kanisa kwa wiki moja. Ukaniambia, "Usiuguse, nikirudi tutachoma pamoja." Nikasema sawa.

Siku ya tatu niliugusa. Nilikuwa napanga vyungu vyangu kuvichoma, na wako ulikuwa kwenye rafu ile ile, ngozi yake bado na unyevu kidogo. Nimeweka alama kwenye vyungu vyangu maelfu ya mara, ukucha unakwenda wenyewe. Nilijiambia hivyo, kwamba ukucha ulikwenda wenyewe. Mistari mitatu na nukta, chini ya mdomo. Lakini nilikuwa nimefunga mlango wa karakana kwanza, Mumbua. Mtu hafungi mlango kwa mazoea.

Siku mbili baadaye, ulipokauka kabisa, nilitoa maranda ya mbao niliyoyabeba kutoka kwa maseremala wa Kangemi, nikachoma kwenye pipa hapa uani, moto wa polepole, moshi ukatoka mpaka jirani akaja kugonga lango akilalamikia nguo zake. Ulitoka mzima. Rangi ya mkate uliokolea, doa jeusi ubavuni. Nikaujaza maji jioni. Asubuhi ulikuwa umelowa jasho kote, sawasawa, na maji ndani yalikuwa baridi kiasi kwamba yaliniuma jino. Nikanywa vikombe viwili nikiwa nimesimama.

Mchana huo huo Ba akapiga simu. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema tu kwamba ameona kazi imenizidi, hakuna ubaya, atamwagiza mjukuu wake amletee mwingine kutoka India. Nikamwambia, "Uko tayari, Ba. Naleta leo." Niliufunga kwenye ule mfarishi wako wa kijani, nikaupakata njia nzima hadi Spring Valley. Ba alimimina maji, akangoja, akanitengenezea chai tungoje pamoja. Baada ya saa mbili akanywa. Akafumba macho, akasema ladha ni ile ile ya kwao. Akaipitisha mikono yangu machoni pake, hii mikono, akasema Mungu aibariki. Nami nikaiacha ibarikiwe.

Uliporudi kutoka kambi hukuvua hata viatu. Ulikuja moja kwa moja karakana, ukauliza mtungi uko wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuonyesha rundo la vigae kwenye kona, vya ule mtungi wangu wa tatu, vile ulivyobakisha uliposaga. Nikakuambia ulipasuka motoni.

Ulichuchumaa, ukaokota kimoja, ukakigeuzageuza. Nilifikiri umekitambua. Kumbe ulikuwa unawaza kitu kingine kabisa. Ukaniangalia ukasema, "Pole, Mama. Haukuharibu vyako?"

Unajua jinsi chungu kikipasuka motoni kinavyorusha vipande na kuumiza vya jirani. Ulidhani mchanga wako umenitia hasara. Ulikuwa unaniomba msamaha. Hapo ndipo ningeweza kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa, na nilichosema ni, "Viwili tu, usijali." Niliongeza vyungu viwili, ili uwongo ukae vizuri. Nimefanya mambo mengi ya aibu maishani lakini hilo la vyungu viwili ndilo linaloniamsha.

Na bado sikuwa nimemaliza. Likizo ya Aprili ulikuja tena, ukasema umefikiria, labda mchanga ulizidi, ungependa kujaribu upya. Nilishikwa na hofu. Ukifinyanga mwingine kama ule, nikauchoma mbele yako, utatoka mzima, na utajua. Kwa hiyo nikakuambia, tena kwa sauti ya upole, sauti ya mama mwenye busara, "Wewe huna mikono ya udongo, Mumbua. Una kichwa. Soma." Hukubisha. Ulienda pale kwenye bomba, ukanawa mikono, ukainawa muda mrefu. Tangu siku hiyo unaingia karakana kuniletea chai tu, unaiweka kwenye kizingiti na kurudi.

Huo ndio ukweli. Mtungi ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyeuuza kwa jina langu, nikakuonyesha vigae vya kushindwa kwangu nikasema ni vyako, halafu nikakuambia uwongo juu ya mikono yako mwenyewe ili usinikamate.

Miaka hii mitatu nimejaribu kuufinyanga mwingine kama ule. Marafiki wa Ba waliuona jikoni kwake, wakaja wakitaka wa namna hiyo, na mimi nikawa na sababu zangu. Mchanga mzuri umeisha. Mvua. Mgongo. Ukweli ni kwamba nimetia mchanga, nimesaga vigae, nimezunguka kinyumenyume mpaka kizunguzungu, na mitungi yangu inapoza, ndiyo, lakini si kama wako. Wako una ukuta mwembamba ambao mimi naogopa kuufanya. Kwa muda nikaacha kabisa kuweka alama kwenye kazi zangu. Ulipouliza, nilisema wateja wa siku hizi hawapendi.

Wiki iliyopita Ba aliniita. Mjukuu wake anaolewa, na anataka kumpa mtungi kama wake aende nao kwake. Mtungi wako uko pale dirishani jikoni, mwaitu, nimeuona kwa macho yangu. Kila mwezi anausugua kwa brashi na kuuanika juani, na bado unatoa jasho. Nilikaa kwenye kile kiti chake cha mbao nikasema siwezi. Akasema anaweza kungoja, mimi si nilishangojwa miezi minne? Na pale, bila kupanga, nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na vyungu viwili.

Hakunipa pole. Alikunja ncha ya sari yake, akaikunjua. Halafu akauliza, "Mtoto anajua?"

Nikasema hajui.

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi nilipata maji yangu."

Akainuka akaenda kuangalia dengu zake jikoni, akaniacha nimekaa sebuleni peke yangu. Hakunisindikiza. Nilirudi nyumbani nikakukuta unakunja nguo, ukaniuliza mbona uso umevimba, nikasema vumbi. Tazama tu. Hata siku hiyo.

Sikuandikii haya ili uache upimaji wa ardhi. Umeupata kwa bidii yako, na najua unaupenda, nimekuona ukiwapimia majirani ua kwa kamba na kuwagombanisha. Nenda ukasome. Ila sitaki usome huko ukiwa na kitu nilichokuwekea kichwani ambacho si cha kweli. Kuna siku kazi itakushinda, kila mtu kuna siku inamshinda, na sauti yangu itakuja kukuambia huna mikono. Hiyo sauti ilikuwa inajiokoa. Una mikono bora kuliko yangu, na nadhani bora kuliko ya susu, na yeye angekasirika kunisikia nikisema hivyo halafu angeinama kuangalia mtungi wako vizuri.

Na alama ni yako. Ilikuwa yako tangu ile asubuhi niliyokunywa vikombe viwili, na nilipaswa kukushika kidole kama nilivyoshikwa. Sijui unapenda kuifanya nini. Ukitaka kuikataa kwa sababu niliichafua, ikatae, utachora nyingine, hakuna atakayekulaumu. Ba anajua sasa mtungi ni wa nani, nimemwambia jina lako, naye amelitamka mara mbili ili alishike. Akiwa na lake la kukuambia, atakuambia mwenyewe. Baba yako hajui chochote. Atajua baada yako, kwa sababu nimechoka kuwaambia watu wengine kwanza.

Unajua udongo mbichi ukikosea unaurudisha kwenye ndoo, unautia maji, unaanza upya, na hakuna aliyeona. Nimeishi na kazi hiyo tangu ujana na imenidekeza. Nilikuchoma na maneno, Mumbua, na siwezi kuyarudisha kwenye ndoo. Ninachoweza ni kukuambia yalikuwa ya uwongo na kwamba najuta. Nakupenda sana. Nilikupenda hata nilipokuwa nimefunga mlango ule, ndiyo maana sijielewi mpaka leo.

Nilikuwa nimeamua barua hii niipenyeze katikati ya nguo zako, uikute ukifika. Niliona ndiyo heshima, usome ukiwa peke yako, upate nafasi ya kunikasirikia bila mimi kukuangalia. Nimeisoma tena kutoka juu na nimejiona nilivyo. Wewe ungekuwa Eldoret na mimi hapa na chai yangu, kilomita mia tatu kati yetu, nikingoja upige simu au usipige, na kama ungelia nisingekuona. Huko ni kufunga mlango tena.

Nimesikia lango. Mmerudi mapema, na baba yako analalamika juu ya bei, kwa hiyo blanketi limepatikana. Nitamtuma maziwa. Wewe nitakuita huku nyuma na kukupa karatasi hizi mkononi, na nitakuomba usome hapa hapa, mimi nikiwa nimekaa mbele yako, mdomo nimeufunga. Sitasema nilichoka, sitasema susu alinilea vibaya, sitasema lolote mpaka umalize.

Umemaliza. Inua macho, mwanangu. Niko hapa. Niambie.